Bima wanataka gari niipeleke gereji yao, nikubali au nikomae na fundi wangu?

KichwaNgumu_Tabata
Wakuu habari za muda huu. Naombeni ushauri kwa waliokutwa na haya au mnaofanya kazi huko kwenye bima na gereji.

Nina Toyota Ractis ya 2008, silva, bima kubwa, nimeikatia kwa thamani ya milioni 14 nikalipa 578,200 kwa mwaka (ile 3.5% na VAT juu). Wiki iliyopita natoka zangu kazini Bagamoyo Road pale karibu na Makumbusho, jamaa na Noah akachomoka barabara ya pembeni hata kuangalia hakuangalia, akanivaa mbele kushoto. Taa imekufa, bampa limepasuka, madigadi limejikunja mpaka linagusa tairi, boneti limenyanyuka kona moja na rejeta inadondosha maji. Airbag hazikufyatuka, mimi mzima namshukuru Mungu. Trafiki walikuja wakapima, jamaa kaandikiwa kosa, nimepewa PF 115 (ripoti ya awali ya polisi) na naambiwa PF 90 (ripoti ya mwisho) itafuata.

Sasa bima wanasema nipeleke gari kwenye gereji iliyo kwenye paneli yao (orodha ya gereji wanazofanya nazo kazi), eti huko nalipa eksesi (ile sehemu ya hasara anayobeba mwenye gari) tu basi, mengine watamalizana wenyewe. Mimi nina fundi wangu Sinza tangu gari yangu ya kwanza, namwamini kuliko hata shemeji yangu. Na hizo gereji za bima nasikia sifa zake, gari inakaa miezi miwili, unarudishiwa imepigwa pati (ule udongo wa kujazia bodi) kama keki na spea za Taiwan.

Wana haki ya kunilazimisha? Nikienda kwa fundi wangu watalipa au ndo nimejitoa mwenyewe? Nawasilisha.

Mzee_wa_Gerezani
Pole sana. Peleka kwa fundi wako, hao wengine wanakula na gereji tu.

Asesa_Mstaafu
Kijana pole na msala. Usimsikilize huyo hapo juu, nitakueleza jinsi inavyokwenda maana hiyo kazi nimeifanya miaka mingi kabla sijaachana nayo.

Kwanza chukua ule mkataba wa bima, sio stika, ule mkataba wenyewe ambao watu wengi hawajawahi hata kuufungua. Utakuta sehemu inasema kampuni inaweza kutengeneza gari, kubadilisha, au kulipa fedha taslimu, na uamuzi ni wa kwao. Hapo ndipo wanaposimamia. Lakini kuchagua namna ya kulipa na kukuchagulia gereji ni vitu viwili tofauti, na kampuni nyingi ukiwaandikia kistaarabu kwamba unataka gereji yako wanakubali, kwa sharti la kwamba watalipa mwisho pale asesa wao (mkaguzi anayekadiria hasara) alipofikia. Fundi wako akisema milioni 3.4 na asesa akasema 2.6, ile laki nane ni yako wewe. Na eksesi iko palepale, kama mkataba wako unasema 10% basi hapo unakatwa 260,000.

Pili, na hili ndilo watu wanaumia nalo, USIANZE KUTENGENEZA kabla hawajaidhinisha kwa maandishi. Hata bampa usifungue. Ukishagusa gari asesa hajaiona, umewapa sababu ya kukataa na hapo hata mimi ningekukatalia.

Tatu, fundi wako ana TIN (namba ya mlipakodi)? Anatoa risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi)? Maana bima hawalipi karatasi ya daftari yenye muhuri wa kuchonga. Wengi wa mafundi wazuri wa mtaani wanaangukia hapo, kazi wanaijua ila makaratasi hawana.

Kuhusu hizo gereji za paneli, ukweli ni kwamba zipo nzuri na zipo za ovyo. Wanaingia paneli kwa kukubali bei ya chini ya ufundi na kusubiri malipo, na bima nao wanawahakikishia magari hayakauki pale kwenye uwanja. Sasa gereji iliyobanwa bei inatafuta pa kujitoa, na pa kujitoa ni kwenye spea na kwenye rangi. Lakini upande mwingine, gereji ya paneli ikiharibu kazi una wawili wa kuwakaba, yeye na bima, na yeye anaogopa kutolewa paneli. Kwa fundi wako wa Sinza akiharibu mnabaki wewe na yeye na urafiki wenu.

KichwaNgumu_Tabata
Mzee wangu shikamoo, umenifungua macho. TIN anayo ila hiyo mashine ya EFD ndo sijui, ngoja nimuulize. Na je kuna jambo moja, kwani mimi si ndo niliyegongwa? Kwanini nilipe eksesi wakati kosa ni la mwenye Noah?

Asesa_Mstaafu
Marahaba. Swali zuri na ungeanza nalo. Una njia mbili. Ukidai kwenye bima yako kubwa unafuata mkataba wako, eksesi ikiwemo, halafu kampuni yako ndiyo inayomgeukia mwenye Noah na bima yake kurudisha hela, na hapo waandikie mapema kwamba na eksesi yako wakaidai humohumo. Ukidai moja kwa moja kwenye bima ya Noah, wewe ni mtu wa tatu, hauna mkataba nao wowote, kwa hiyo hawana kifungu cha kukuambia gereji hii au ile. Wanachoweza ni kubishana na bei tu. Ubaya wake ni mwendo, wanasubiri PF 90, wanasubiri mteja wao aripoti, na wateja wa namna hiyo wakishagonga wanazima simu. Angalia kwanza kama bima yake ilikuwa hai siku ya ajali.

Dada_Kimara
Mimi nilienda gereji ya bima mwaka jana na Passo yangu kwa hiyo naongea nilichokiona. Gari ilikaa pale wiki ya kwanza haijaguswa wanasubiri elpio (LPO, karatasi ya kuidhinisha kazi) kutoka bima, mara asesa hajaleta ripoti, mara spea haipo Kariakoo mpaka iagizwe. Kila nikipiga simu gereji wananiambia muulize bima, bima wananiambia muulize gereji, nikachoka nikawachukua wote wawili nikawaweka kwenye grupu moja la WhatsApp mimi nipo katikati, hahaha, siku hiyohiyo elpio ikatoka. Jamani jaribuni hiyo, mtu akiwa anajua mwenzake anasoma hawezi kusingizia.

Kazi yenyewe haikuwa mbaya. Ila siku ya kuchukua wakanipa karatasi nisaini kwamba nimeridhika, gari ipo ndani ya banda kuna kigiza, na dereva wao ana haraka anataka kufunga. Nikakataa, nikasema itoeni nje juani. Huko nje mlango wa nyuma rangi nyingine kabisa na ule wa mbele. Wakarudia bila mimi kulipa hata mia, kwa sababu karatasi ilikuwa bado mkononi kwangu. Ningesaini ningekuwa nalia mpaka leo.

Rangi_Ilala
Dada Kimara hapo umepiga penyewe. Mimi ndo kazi yangu kupiga rangi, sipo kwenye paneli ya mtu, kwa hiyo naongea bila kuogopa.

Broo mwenye Ractis, silva ndo rangi inayotuumbua mafundi wengi. Fungua boneti, kuna kibao cha chuma (gari nyingine kipo kwenye nguzo ya mlango), tafuta pameandikwa C/TR, utaona namba ya rangi. Silva nyingi za Toyota za miaka hiyo ni 1F7. Sasa fundi mvivu anachanganya 1F7 ya kwenye kopo anapiga madigadi na boneti basi, kumbe gari yako imekaa juani miaka, ile silva sio ya kwenye kopo tena. Na silva ina chembe za metali ndani, ukibadilisha presha ya bunduki au umbali wa mkono tu, chembe zinalala tofauti, ukiangalia kwa mbele inafanana ukisogea pembeni inakuwa nyeusi. Dawa yake ni kuifikisha rangi mpaka kwenye mlango ulio pembeni yake inaisha kidogokidogo, halafu kilia (ile rangi ya juu isiyo na rangi, ya kung'arisha) unapiga mlango mzima. Hiyo ni kazi ya kipande kimoja zaidi cha bodi na kama haijaandikwa kwenye profoma (makadirio ya gharama ya gereji) hakuna atakayeifanya bure, awe gereji ya bima awe fundi wako wa Sinza. Kwa hiyo hakikisha kwenye profoma mlango wa mbele kushoto upo kama rangi hata kama haujagongwa. Wenye pearl nyeupe 070 ndo msiseme, ile ni hatua tatu, chini nyeupe, kati pearl, juu kilia.

Kingine hii habari ya spea za Taiwan. Watu mnaogopa "used" mnataka mpya, mnaharibikiwa. Boneti mpya ya Taiwan ukiifunga kwenye Ractis utakuta nafasi kati yake na madigadi huku inaingia kidole huku haiingii hata kucha, na kulitengenezea unapigapiga mpaka linachoka. Used ya Japan iliyotoka kwenye gari kama yako inakaa kama ilizaliwa pale. Kwa gari ya 2008 mimi ningeomba waandike used ya Japan kwa boneti na madigadi, na taa pia, ila angalia taa yako ni ya xenon au ya kawaida maana Ractis zipo za aina zote mbili na wakileta ya kawaida kwenye gari ya xenon utaenda kubadilisha mwenyewe.

KichwaNgumu_Tabata
Aisee Rangi_Ilala nimeenda kuangalia sasa hivi, ni 1F7 kweli. Na taa ni xenon. Asante sana kaka.

Boss_Mbagala
Mi nilichukua cash nikamaliza ubishi. Hawa jamaa wanaweza kukupa hela ukatengeneze mwenyewe, omba tu. Ila ujue hesabu yao. Profoma yangu ilikuwa 3,186,000 na VAT ndani, wakasema kama unachukua cash VAT hatulipi maana hamna risiti, ikashuka 2,700,000, wakatoa eksesi 10% nikabaki na 2,430,000. Nikaenda Shauri Moyo nikapata nozikati (pua nzima ya mbele iliyokatwa kwenye gari nyingine) safi, fundi akafunga, chenji ikabaki. Lakini mimi nilikuwa na uhakika kwamba chesisi haijaguswa. Kama huna uhakika usiguse hiyo cash.

Mzee_wa_Gerezani
Si nilisema? Chukua hela kimbia.

Rangi_Ilala
Mzee wa Gerezani ngoja kwanza. Gari imegongwa kona, rejeta inavuja, maana yake ile saporti ya mbele (fremu inayoshika rejeta na taa) imerudi nyuma, na ikirudi saporti ncha ya chesisi inaweza ikawa imekunja kidogo, kwa macho huioni mpaka bampa na taa vitoke. Ukishachukua cash na kusaini diskachaji (karatasi ya kukubali kwamba mmemalizana), siku fundi anafungua anakuta chesisi, bima wanakuambia tulishamalizana. Kwenye njia ya kutengenezewa, gereji ikifungua ikakuta kitu kipya wanaandika nyongeza, asesa anarudi anaangalia, inaongezwa. Hiyo nyongeza ndo watu hawaijui kabisa. Kupima ni rahisi, kamba au futi, kutoka kona hadi kona kwa kukata msalaba kwenye nafasi ya injini, tundu la kulia mbele mpaka la kushoto nyuma halafu kinyume chake. Zikitofautiana, boneti mpya haikusaidii kitu.

Njoroge_wa_Umoja
Habari ndugu zetu wa Bongo. Hapa Nairobi mambo ni yale yale tu, bima wana gereji zao, unapeleka police abstract (ripoti ya polisi) na claim form (fomu ya madai), asesa anakuja, halafu gari ikimaliza kuna reinspection, yaani asesa anarudi kuhakikisha kile kilichoandikwa ndicho kilichofungwa kabla bima haijalipa gereji. Nauliza hiyo huko kwenu ipo? Kwa sababu mimi kwangu ndiyo iliniokoa, gereji ilikuwa imeandika rejeta mpya na kumbe wameziba ile ile ya zamani na kuipaka nyeusi. Asesa aliangalia tu ile stika ya mtengenezaji akajua. Mwambie huyo ndugu aombe old parts zake arudishiwe, akiona taa ya zamani na rejeta ya zamani kwa macho ndio ataamini zimebadilishwa.

Asesa_Mstaafu
Ipo, ila si kila kampuni inaifanya kwa kila gari, wengine wanafanya kwa madai makubwa tu. Ukiiomba wanakuja. Na spea za zamani kisheria zinakuwa za bima wakishazilipia, lakini kuziona hakuna anayekukatalia. Piga picha.

Mtanga_Cali
Wakuu mimi nipo California huku, nimecheka kwa sababu hii vita ipo hata Marekani. Kila kampuni ina orodha ya gereji zake na ukiripoti tu ajali yule dada kwenye simu anakusukumia pale na sauti tamu. Tofauti ni kwamba huku kwenye sheria ya bima ya jimbo kuna kifungu, 758.5, kinasema kampuni hairuhusiwi kukulazimisha gereji. Na wakikupendekezea ukakubali, wanawajibika kuhakikisha gari inarudi kwenye hali iliyokuwa kabla ya ajali bila wewe kuongeza hela. Kwa hiyo huku watu wengine wanakubali gereji ya bima makusudi kabisa ili lawama yote iwe upande mmoja. Kwenu sijui kama kuna kifungu cha namna hiyo, lakini hakuna kinachokuzuia kuwaomba waandike kwenye barua yao kwamba kazi ya gereji yao wanaidhamini wao kwa muda fulani. Wakikataa kuandika, hapo umeshajua wanaiamini kiasi gani hiyo gereji yao.

Dada_Kimara
Hiyo barua naipenda.

Msomi_Kigamboni
Niongeze kidogo kuhusu thamani maana naona mleta mada kasema milioni 14. Hakikisha ndiyo bei ya soko kweli. Baadhi ya mikataba ina kifungu kwamba ukikatia chini ya thamani wanalipa kwa uwiano, gari ya milioni 14 ukiikatia kwa 10 ili ulipe kidogo, hasara ya 2,800,000 wanalipa 2,000,000 halafu ndo eksesi inafuata. Gereji yoyote utakayochagua utakuta hela haitoshi na utailaumu gereji bure.

Na wakikuzungusha usiishie kulalamika huku, andika barua kwa kampuni, weka nakala na muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya au jibu likiwa halieleweki kuna TIRA (mamlaka inayosimamia bima) na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, hiyo ofisi imo kwenye sheria ya bima ya 2009, huduma yake bure wala huhitaji wakili. Ukitaja tu kwenye barua kwamba hatua inayofuata ni huko, kasi inaongezeka.

Mzee_wa_Gerezani
Msuluhishi yupo wapi mimi nina dai la 2019 😂

KichwaNgumu_Tabata
Wakuu mrejesho. Fundi wangu nimemuuliza kwa upole, EFD hana na anasema gari za bima hazipendi kwa sababu hela inachelewa na yeye ana kodi ya uwanja kila mwezi. Kwa hiyo nimekubali gereji yao ila nimeenda naye pale tukaangalia pamoja kama ndugu wa mgonjwa. Wana banda la kupigia rangi lenye oveni, sio mbaya kwa kweli, ila uwanjani kuna gari zimeota vumbi, hizo zimenitisha kidogo.

Profoma yao nimeipiga picha. Bampa badilisha, taa badilisha (wameandika "taa" tu), boneti badilisha, rejeta badilisha, madigadi NYOOSHA. Mlango haupo. Saporti haipo. Fundi wangu anasema hilo madigadi limekunjika kwenye mshono, halinyooshi hilo, atakayelinyoosha atajaza pati. Asesa anakuja Alhamisi.

Rangi_Ilala
Fundi wako yuko sahihi, likikunja kwenye mshono kubadilisha ni nafuu kuliko kunyoosha, madigadi la Ractis used halina bei ya kutisha. Alhamisi uwepo pale, sio umtume mtu. Mwombe asesa mbele ya gereji bampa na taa vitolewe ndo aandike, saporti ataiona mwenyewe. Taa aandike "xenon kushoto", mlango wa mbele kushoto aandike "rangi", na namba 1F7 iandikwe kabisa. Siku ya kuchukua nenda na sumaku ndogo ile ya kwenye friji, ifunge kwenye kitambaa, ipitishe kwenye madigadi na boneti. Ikishika vizuri hapa na pale ikadondoka, hapo pana pati nene. Kwenye bampa usihangaike, ile ni plastiki.

Asesa_Mstaafu
Na uwe mpole kwa asesa. Analipwa na bima lakini sio adui yako, ukimwonyesha kitu kwa kidole ataandika, ukimtukana ataandika alichokiona kwa dakika tano na kuondoka. PF 90 imetoka?

KichwaNgumu_Tabata
Bado mzee, naambiwa nipite kesho. Nimeshapita mara kadhaa sasa mpaka yule afande wa kaunta ananiita jirani.